Mwenye Mkono Mtupu Asinyamaze

Iringa, 6 Februari 1955

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Sedekia Mwakalukwa,

Shikamoo, Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na Mama, na kwamba mgongo wako haukusumbui sana kwa mvua hizi. Sisi huku hatujambo. Baridi ya Iringa ipo, lakini nani atalalamika baridi mbele ya mtu wa Mbeya?

Hii ni barua ya nne tangu nimuoe Verediana kanisani kwao, kwa Wakatoliki, bila wewe kujua. Katika zile tatu niliomba msamaha, na hukujibu hata moja. Safari hii siombi msamaha. Nauliza swali la karata.

Usishtuke, hatuchezi kwa pesa. Hapa tuna nyumba ya Welfea ambamo makarani tunakusanyika Jumamosi mchana, na karani mmoja Mgoa ametufundisha briji. Nieleze ninavyoelewa, unirekebishe. Tunakaa wanne, wawili kwa wawili, kila mtu na mwenzi wake wanatazamana. Kabla ya kucheza kuna mnada: kila mmoja kwa zamu anataja rangi, na mara ngapi upande wake utakula. Anayetaja juu kuliko wote, rangi yake ndiyo turufu, naye lazima atimize alichoahidi. Na huruhusiwi kumweleza mwenzi ulichonacho ila kwa kutaja.

Jumamosi iliyopita mpinzani alifungua kwa kopa moja, yaani kula mara saba kopa ikiwa turufu. Mwenzi wangu Jailos akapiga dabo, neno la kuzidisha hesabu mara mbili. Mpinzani wa pili akasema pasi, yaani amepita bila kutaja. Zamu ikanifikia mimi, na mkononi sikuwa na mzungu hata mmoja: hakuna mfalme, hakuna malkia, hata ghulamu wa kusingiziwa hakuna. Shupaza nne, kubwa yao tisa, na takataka nyingine. Nikasema moyoni, asiye na kitu anyamaze mbele ya wenye navyo, ndivyo nilivyolelewa. Nikasema pasi. Wale waliahidi kula mara saba, wakala mara tisa, na kwa sababu ya dabo tuliadhibiwa vibaya. Jailos hajanisalimia tangu siku ile.

Wewe umesimama nyuma ya viti vya Klabu ya Wazungu miaka kumi na minane ukiwapelekea chai wachezaji. Niambie, ningesema nini?

Ni mimi mwanao,
Timotheo


Mbeya, 20 Machi 1955

Bwana Timotheo,

Salamu. Hapa ni wazima. Mahindi yamestawi na mvua haijatuonea.

Barua yako imefika na aibu yake. Nani alikutuma uchore kopa na shupaza mgongoni mwa bahasha? Karani wa posta aliniita mbele za watu, "Mzee wa kanisa, una barua ya kamari hapa!" Wakacheka mpaka mama mmoja akamwamsha mtoto mgongoni. Nimeifungua kwa sababu hiyo tu, nijue nasingiziwa nini.

Swali lako jibu lake ni rahisi. Ulikosea.

Dabo inayopigwa mwanzoni, juu ya kopa moja ya adui, wakati mwenzi bado hajasema neno, ile si ngumi. Ni hodi. Mwenzi wako anasema: mimi ninazo karata za maana, na zile rangi tatu nyingine zote nazipokea, wewe iliyo ndefu kwako ni ipi? Sasa mtu akibisha hodi nyumbani kwako, utakaa kimya kwa sababu chunguni hamna kitu? Unaitika karibu, mambo ya chungu yatajulikana ndani.

Anayeruhusiwa kunyamaza ni mmoja tu, yule aliyejaa rangi ya adui mkononi, nyingi na kubwa, anayejua kwamba adui hatoki salama. Wewe uliyekuwa mtupu ndiye uliyepaswa kusema kuliko wote. Shupaza moja, kwa sauti ileile ya mtu mwenye nazo. Jailos hakukudai utajiri, alikudai jibu.

Wala usiseme nilikulea vibaya. Barazani mtoto hunyamaza, na bado nasema hivyo. Lakini kwenye meza ile hakuna mkubwa wala mdogo, kuna mwenzi. Nimeona mabwana wakubwa wakikemewa na wake zao kwa kosa hilihili, nami nimeshika birika nikijizuia nisicheke.

Mama yako aliyekaa hapa anataka niandike kwamba uvae sweta. Nimeandika.

S. Mwakalukwa


Iringa, 3 Aprili 1955

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama anaendeleaje? Sweta nimevaa. Mwambie ndaga fijo, nashukuru sana.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye mlango wa posta, kisha nikaisoma tena kazini mpaka bwana mkubwa akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimejibiwa.

Jailos nilimwomba radhi nikamwelezea habari ya hodi. Aliipenda sana, akanisalimia, na wiki iliyofuata akahamishiwa Makongolosi kwenye ofisi za dhahabu. Ndiyo bahati yangu.

Baba, sasa nitasema neno, na kama ni utovu wa adabu unisamehe kwa kuwa meza hii ni yako mwenyewe. Nilibisha hodi mara tatu. Kwa sheria uliyonifundisha, anayenyamaza ni yule tu aliyejaa rangi ya adui mkononi. Wewe mkono wako ulikuwa umejaa nini?

Katika barua ya tatu niliandika habari ambayo labda hukuisoma. Tuna mtoto wa kike, ana mwaka na miezi mitano. Jina lake Tusajigwe. Mimi sikulichagua. Verediana ndiye aliyeniuliza kwetu wanasemaje "tumebarikiwa", akalishika hilo. Nilimwonya kwamba ndugu zake Wahehe watashangaa jina la Kinyakyusa limetoka wapi. Akasema wana midomo, watajifunza kulitamka.

La mwisho. Jumamosi ya tarehe 13 Agosti makarani wa Mbeya wanakuja kushindana nasi hapa. Kila mchezaji anaruhusiwa kumleta ndugu yake awe mwenzi, hata kama si karani. Nimeandika jina lako. Basi la Relwe linatoka Mbeya asubuhi, na chumba tunacho. Njoo ukae nitazamane nawe.

Ni mimi mwanao,
Timotheo


Mbeya, 29 Mei 1955

Timotheo,

Twamshukuru Mungu, uzima upo. Mgongo ni ule ule, tumezoeana. Mama yako alisomewa barua yako mara tatu. Pale penye jina la mtoto alinisimamisha, akatoka nje kuangalia kuku. Kuku walikuwa hawana shida yoyote.

Swali lako la mkono uliojaa nini nimelisoma. Nitalijibu siku nyingine.

Kuhusu kukaa mezani, lazima nikuambie jambo ambalo hata mama yako halijui. Mimi sijawahi kukaa. Mchezo huu naujua kwa kusimama. Siku moja mtu wa nne hakutokea, na mke wa daktari akasema, "Sedekia anaujua, nimemwona macho yake yanafuata. Akae." Bwana mmoja akacheka, akasema afadhali wacheze watatu. Nikaenda kuleta chai. Siku hiyo sikuumia, nilikuwa na kazi. Niliumia mwaka uliofuata, nikiwa nafuta viti vile vumbi peke yangu, nikajikuta nimeweka mkono juu ya kimoja na siwezi kukikalia, na chumba kizima hakuna mtu. Mwaka jana nilipostaafu walinipa saa ya ukutani. Ni saa nzuri.

Kwa hiyo unayemwalika ni mtu aliyeona mkono mmoja mmoja kwa nyuma. Kumtazama mwenzi usoni sijui kunakuwaje.

Ila nikupe jingine litakalokufaa Agosti, nije nisije. Adui akifungua kwa kopa moja, na mwenzi wako akasema kopa mbili, usidhani amechanganyikiwa. Hazitaki hizo kopa. Ametaja rangi ya upande wa pili makusudi, kukuambia kwamba mkono wake ni mkubwa mno, hautoshi kwenye dabo, na kwamba usithubutu kunyamaza mpaka mfike mbali. Ni neno zito. Katika miaka kumi na minane nimelisikia kama mara sita.

Mama yako anatuma sweta nyekundu ndogo. Ameikadiria kwa kumpima mtoto wa jirani, kama ni kubwa atakua.

Baba


Iringa, 21 Agosti 1955

Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama ni wazima. Sisi tu wazima. Sweta imemkaa Tusajigwe vizuri, na ukimvua analia.

Mashindano yamepita. Ijumaa nilikwenda kulipokea basi. Lilikuwa limefika mapema, abiria wameshatawanyika, na kondakta hakukumbuka mtu. Jumamosi nilizuia kiti chako mpaka watu wa Mbeya wakaanza kuguna. Ndipo Bartholomeo, kaka yake Verediana, akanionea huruma akakaa. Ana miezi miwili tu tangu ajifunze. Tulishinda kwa tofauti ndogo, na wenzangu walinibeba. Sikufurahi kama inavyotakiwa.

Sikulaumu. Uliandika "nije nisije", nami nikasoma "nije" peke yake.

Verediana alikuwa akigawa chai, na bado anamzungumzia mzee mmoja aliyesimama nje ya dirisha, nyuma yangu, tangu mwanzo hadi mwisho. Alimpelekea kiti mara mbili, akakikataa kwa upole. Mimi sikugeuka, nilikuwa na karata mkononi. Anasema hajawahi kuona mgeni anayepokea kikombe kisha anakirudisha mwenyewe kwenye sinia, na kishikio chake kimeelekezwa upande mmoja na vikombe vingine.

Sina swali la karata safari hii.

Ni mimi mwanao,
Timotheo


Mbeya, 18 Septemba 1955

Mwanangu Timotheo,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe, mkeo na mtoto. Mimi ni mzima wa mwili. Mama yako ni mzima pia, lakini haongei nami tangu nilipomsomea barua yako, na ana haki.

Mzee wa dirishani ni mimi.

Nilifika Ijumaa. Nilishuka, nikakungoja, kisha nikakuona ukija kwa mbali, umenenepa kidogo, unatembea kama marehemu babu yako. Nikajificha nyuma ya basi. Mzee wa kanisa, mvi kichwani, nimejibanza kwenye gurudumu! Nikalala kwa Andendekisye, mtu wa kwetu anayeshona viatu karibu na soko. Nilimwambia nimekuja kwa shughuli za kanisa, Mungu anisamehe.

Jumamosi nilisema nitaingia. Nilifika mlangoni nikaona viti vinne, kimoja kitupu, na wewe umeweka mkono juu yake. Miguu ikakataa. Ikanipeleka inakojua, nyuma ya kiti cha mchezaji, japo nje ya dirisha. Nilisimama pale mchana kutwa na niliziona karata zako zote.

Nikueleze nilichokiona, maana wewe ulikuwa ndani yake na huenda hukukiona. Mtu wa Mbeya alifungua kwa uru moja. Huyo Bartholomeo wenu akapiga dabo. Wa tatu akasema pasi. Nikatazama karata zako. Kopa nne, kubwa yao nane. Kote kulikobaki, ukame. Nimeona mikono mingi mibaya, lakini ule ulikuwa wa kusikitisha. Nikajisemea, sasa atanyamaza. Ukanyoosha shingo ukasema "Kopa moja," kwa sauti ya mtu mwenye ghala. Wakaja na uru mbili, Bartholomeo akapata nguvu akasema kopa mbili, wakasukumwa hadi uru tatu, na huko wakaanguka. Wewe huna mzungu hata mmoja na umewaangusha watu, kwa kuitika tu.

Nililia, Timotheo. Mkeo alidhani ni moshi wa jiko. Alinisalimu kwa Kihehe, "Kamwene baba, sogea huku upepo hauleti moshi." Ameniita baba hajui ni kweli. Mgongoni alikuwa na mtoto amevaa sweta nyekundu, akanitazama, akachukua kifungo cha koti langu akakivuta. Nina kifungo kimoja kinachoning'inia hadi leo, mama yako nimemkataza asikishone.

Na bado niliondoka bila kusema neno. Jumapili nikapanda basi nikarudi. Kutoka Iringa hadi Makambako niliwaza kitu kimoja tu, kwamba nimekufundisha jambo nisiloliweza mwenyewe. Wewe ulisema kopa moja na mkono mtupu, mimi nilishindwa kusema hodi.

Sasa lile swali. Uliuliza mkono wangu ulikuwa umejaa nini miaka ile mitatu. Haukujaa kitu. Nilikuwa mtupu. Watu kanisani waliponiuliza mwanao ameoa wapi sikuwa na jibu, nikaona aibu, na mwenye aibu nikajifanya mwenye hasira kwa sababu hasira inaheshimika zaidi. Barua zako tatu nilizitia kwenye Biblia bila kuzifungua. Nimezifungua juzi. Ya tatu ilikuwa na alama ya mkono mdogo uliochovywa wino. Nilikaa nayo siku nzima.

Nimewaza pia habari ya mkeo. Sisi tulimwona kuwa upande wa pili. Naye akamchukua mtoto wake wa kwanza, katikati ya Wahehe na Wakatoliki, akamtaja kwa rangi yetu. Hakuwa amechanganyikiwa. Mwanamke huyo ana mkono mkubwa, na alituambia tusinyamaze, na mimi mwalimu wa mchezo sikulisikia. Mpe salamu zangu. Mwambie yule mzee aliyekataa kiti anaomba radhi mara mbili, mara moja kwa kila kiti.

Wazee wenzangu wa kanisa nimewaambia Jumapili iliyopita, nimesimama mbele, kwamba nina mkwe Mkatoliki na mjukuu, na kwamba nakwenda kuwaona. Mmoja alikohoa. Wengine wakauliza jina la mtoto, nilipolitaja wakapiga makofi. Nilikuwa nimekiogopa kikohozi hicho miaka mitatu, na kumbe ni kikohozi cha mtu mmoja.

Basi sikiliza. Tunakuja, mimi na mama yako, kwa basi la Relwe la Ijumaa tarehe 23. Mama yako amefunga mchele wa Kyela, ndizi, na sweta nyingine mbili, hii ya kijani ni yako ingawa umri umekwenda. Sina hakika mtatupokeaje. Barua hii itakufikia siku moja au mbili kabla yetu, na jibu lako, lolote lile, halitanikuta hapa. Nimepanga hivyo makusudi. Ningesubiri jibu ningepata nafasi ya kuogopa tena.

Usije kituoni, nisije nikajificha tena nyuma ya gurudumu. Kaa nyumbani. Tandika meza, umwite na Bartholomeo, awe wa nne. Mkeo akae naye, nimemwona jinsi anavyozitazama karata akipita na sinia, macho yake yanafuata. Mimi nitakaa na wewe. Nitakaa, nimesema. Mama yako atamshika mtoto, wala hatakubali kumwachia mtu.

Mkononi sina kitu, mwanangu. Nimesema hata hivyo. Ukisikia hodi, unajua la kufanya.

Babu yake Tusajigwe